Manukato ya Wanaume: Kinachonunuliwa ni Harufu au ni Jina?

Jioni, jua linapoinama na msongamano katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, unapofikia kilele chake, pua ya mpita njia hupata habari nyingi kuliko macho yake. Hapa pananukia mahindi ya kuchoma, pale viatu vipya vya ngozi, mbele kidogo moshi wa bajaji na pikipiki. Katikati ya hayo yote hupita kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na nyuma yake hubaki harufu tamu inayodumu hewani hata baada ya yeye mwenyewe kupotelea katika umati. Akiulizwa amejipulizia nini, hatasema kwamba ni manukato tu. Atataja jina: Sauvage, Invictus, Acqua di Giò au 1 Million. Naye atalitaja kwa fahari, kama mtu atajavyo shule aliyosoma.

Fahari hiyo inastahili kuchunguzwa, kwa kuwa harufu na jina ni vitu viwili. Harufu ni kemia; hupimika, hufundishika, na sehemu yake kubwa si ngeni hata kidogo katika pwani ya Afrika Mashariki. Jina ni biashara. Halina uzito, halivukizi, wala halimo katika chupa. Kijana asiyeweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili hulipia cha pili akidhani amenunua cha kwanza. Kumsaidia avitenganishe si kazi ya polisi wala ya wahubiri, bali ni kazi ya mwalimu wa kemia.

Kunukia si upuuzi

Wako wazee wanaowacheka vijana kwa kutumia fedha zao kununua manukato, na wako walimu wanaoliona jambo hili kuwa ni utoto usiostahili kuingizwa darasani. Wote wanakosea. Katika miji ya pwani, tangu zamani, kunukia ni sehemu ya adabu. Mgeni alinyunyiziwa marashi kwa mrashi, ubani ukafuka katika chetezo, na kanzu ya sala ya Ijumaa ikafukizwa udi. Kiswahili chenyewe kina akiba kubwa ya maneno ya fani hii: udi, ubani, uturi, marashi, miski, ambari, zabadi, kafuri, dalia. Lugha haiweki akiba kubwa namna hiyo kwa jambo ambalo wenyewe hawalijali.

Aidha, Dar es Salaam ni jiji la joto. Kwa miezi mingi ya mwaka joto la mchana huzidi nyuzi 30 za Selsiasi, na ndani ya daladala au basi la mwendokasi watu husimama bega kwa bega. Kijana anayeuza nguo kutwa nzima ana haki ya kutaka mteja asimkimbie. Lakini hata hapa sayansi ina neno la kwanza. Jasho lenyewe, likitoka tu, halina harufu kubwa. Harufu mbaya hutokana na bakteria waishio kwapani wanapolivunjavunja. Manukato hufunika harufu hiyo kwa muda. Maji na sabuni huiondoa. Asiyeoga akajipulizia ameongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kilichomo katika chupa

Chupa ya aina iitwayo eau de toilette, ambayo wanaume wameizoea zaidi, huwa na viini vya harufu kati ya asilimia 5 na 15 hivi. Kinachobaki karibu chote ni ethanoli, yaani alkoholi ileile iliyomo katika vileo, pamoja na maji kidogo. Mara nyingi hutiwa kitu kichungu ili isinyweke. Ethanoli huchemka katika nyuzi 78. Kazi yake ni kuyeyusha viini, kuvitandaza juu ya ngozi, na kisha kujiondokea.

Viini hivyo huwa makumi ya kampaundi mbalimbali, nazo hazivukizi kwa kasi moja. Limonini, ipatikanayo katika maganda ya machungwa na malimau, ina molekuli ndogo, C10H16, nayo hutoweka upesi sana. Viini vya maua na viungo hukawia zaidi. Miski zitengenezwazo maabara, zenye molekuli nzito zaidi, hubaki katika kitambaa kwa saa nyingi. Ndiyo maana manukato yaleyale hunukia namna moja dukani, namna nyingine baada ya saa moja, na namna ya tatu jioni. Mnunuzi anayenusa kwa dakika moja mbele ya duka la Mtaa wa Aggrey, akatoa fedha zake papo hapo, amesikia salamu tu, mazungumzo hayajaanza.

Kanuni nyingine ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa ni kwamba kanieneo ya mvuke huongezeka kadiri joto linavyopanda. Manukato mengi ya Ulaya hutungwa kwa ajili ya watu wavaao makoti katika nchi za baridi. Katika joto la Kariakoo viini vyepesi hukimbia upesi mno, na vile vizito, ambavyo kule hujitokeza kidogo kidogo, huku hutoka kwa nguvu. Mipulizo sita iliyo ya kiasi katika majira ya baridi ya Paris ni adhabu kwa abiria wa daladala ya Mbagala.

Pua, kumbukumbu na biashara

Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walieleza ugunduzi wao wa familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu ndani ya pua. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Kila molekuli huamsha vipokezi kadhaa kwa pamoja, kama vidole vinavyobonyeza vibonye vya kinanda, na ubongo huusoma mchanganyiko huo kuwa ni harufu moja. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi. Habari za pua hufika bila ya kupitia hapo katika sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Kwa hiyo harufu ya udi huweza kumrudisha mtu mzima katika harusi aliyohudhuria akiwa mtoto, kabla hajapata hata neno la kuieleza.

Hapo ndipo biashara ilipopata mlango. Kwa kuwa harufu hujifunga katika kumbukumbu, kampuni kubwa hujitahidi kumpa mnunuzi kumbukumbu ya kuifungia. Chupa ya Invictus imefanywa kwa umbo la kombe la ushindi. Ile ya 1 Million ina umbo la mche wa dhahabu. Sauvage hutangazwa kwa picha za mcheza filamu maarufu akiwa jangwani. Kijana wa Ilala au Gerezani hajashinda kombe hilo wala hajaiona dhahabu hiyo, lakini akinusa huviona vyote. Fedha aliyolipa, sehemu yake kubwa imelipia picha hizo.

Wako pia wauzaji wanaodai kwamba ndani ya chupa mna homoni zinazowavuta wanawake. Ni kweli kwamba wanyama wengi, kama nondo na nguruwe, huitana kwa kemikali. Lakini kwa binadamu haijathibitishwa hata kemikali moja ya namna hiyo hadi leo. Mwanafunzi anayeuziwa dai hilo anauziwa hirizi iliyovalishwa koti la maabara.

Ugeni usio mgeni

Ajabu kubwa zaidi ya jambo hili ni kwamba kijana hujipulizia kitu anachokidhani kuwa cha kigeni kabisa, ilhali nasaba ya harufu yake inafahamika nyumbani kwa bibi yake. Mifano minne yatosha.

Wa kwanza ni karafuu. Old Spice, iliyoanza kuuzwa kwa wanaume huko Marekani mwaka 1938, hutambulikana kwa harufu ya viungo, karafuu ikiwa miongoni mwa vile vinavyosikika zaidi. Kiini cha karafuu ni eujenoli, C10H12O2, nayo ni ileile katika ua la mkarafuu wa Pemba na katika maabara ya New Jersey. Molekuli haina uraia.

Wa pili ni asumini. Mwaka 1966 nyumba ya Dior ilitoa manukato ya wanaume yaitwayo Eau Sauvage, kazi ya Edmond Roudnitska, yaliyopata sifa kwa kutumia kampaundi mpya iitwayo hedioni. Kampaundi hiyo ilipatikana wanakemia wa kampuni ya Firmenich ya Geneva walipokuwa wakiichunguza harufu ya asumini, ua lilelile ambalo wanawake wa pwani hulitunga katika vikuba.

Wa tatu ni udi. Mwaka 2002 nyumba ya Yves Saint Laurent ilitoa manukato ya wanaume yaitwayo M7, na waandishi wa Ulaya wakaisifu kwa kuuleta udi katika soko lao kuwa ni jambo jipya. Unguja na Dar es Salaam udi ulikuwa ukifukizwa tangu enzi za majahazi, ukiletwa na pepo za kaskazi kutoka masoko ya Uarabuni na Bara Hindi.

Wa nne ni ambari. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hii katika karne ya 10, aliandika juu ya ambari ya bahari ya Wazenji. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi aina ya kashaloti. Ikielea baharini kwa miaka mingi, jua, hewa na maji ya chumvi huigeuza hata ikapata harufu yake nzuri. Kiini kikuu cha harufu hiyo leo hutengenezwa kutokana na mmea wa Ulaya wa jamii ya mnanaa, nacho huitwa ambroksani. Katika Sauvage ya Dior, iliyotolewa mwaka 2015, ambroksani ndiyo inayosikika zaidi baada ya vile viini vyepesi kutoweka. Kijana wa Mtaa wa Kongo, kwa hiyo, ananunua kutoka Ufaransa mfano wa kitu ambacho pwani yake ilikuwa ikiiuzia dunia miaka elfu moja iliyopita.

Hata neno “ya kiume” halitokani na kemia. Huko Ulaya halwaridi imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni harufu ya wanawake. Oman na katika pwani yetu wanaume wenye heshima zao hujipaka halwaridi na udi pasipo mtu kuwashangaa. Molekuli haina jinsia; aliyeipa jinsia ni mwenye duka.

Jina na bei

Kwa nini basi jina liwe ghali? Jibu moja limo katika sheria. Jina na umbo la chupa huandikishwa kuwa alama ya biashara na hulindwa karibu duniani kote. Harufu yenyewe hailindwi kwa uhakika huo. Mwezi Juni 2006 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa iliamua kwamba harufu ya manukato hailindwi kwa hakimiliki. Mwezi uleule mahakama ya juu ya Uholanzi ikaamua kinyume. Wakati huohuo kromatografia ya gesi, mbinu iliyoanzishwa mwaka 1952, humwezesha mwanakemia kuitenganisha harufu yoyote katika kampaundi zake na kuzitambua nyingi kati ya hizo. Harufu yaigika; jina haliigiki ila kwa wizi.

Katika Kariakoo, basi, pana bidhaa za namna tatu, na ni kosa kuzichanganya. Namna ya kwanza ni manukato halisi, ambayo bei ya chupa moja huweza kukaribia au kuzidi kipato cha mwezi cha kijana auzaye dukani. Namna ya pili ni yale yanayofanana nayo kwa harufu lakini yenye majina yao wenyewe, mengi yakitoka kwa watengenezaji wa Dubai, pamoja na mafuta ya kupima ambayo muuzaji huyavuta kwa bomba la sindano na kuyatia katika kichupa. Mafuta ya kupima, kwa kuwa hayana alkoholi, hayarushi harufu mbali, lakini hukaa katika ngozi kwa muda mrefu. Hakuna aibu katika kununua namna hii ya pili ikiwa muuzaji anasema kweli na mnunuzi anajua anachonunua. Namna ya tatu ni bandia: chupa iliyoibiwa jina, ambayo ndani yake hakuna ajuaye mna nini.

Hiyo ya tatu ndiyo yenye madhara. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na huyu hata maji huenda asiyatie, akatia kitu kibaya zaidi. Mtengenezaji asiyejulikana aweza kutumia methanoli badala ya ethanoli kwa kuwa ni rahisi, na methanoli ni sumu inayoweza kupenya ngozi. Aweza pia kutumia mafuta ya matunda ya jamii ya mlimau ambayo hayakuondolewa kampaundi zinazochochewa na jua. Mtu akijipulizia shingoni na kutoka juani, ngozi huungua na kubaki na mabaka meusi. Udhibiti wa vipodozi tangu mwaka 2019 umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Lakini hakuna mkaguzi awezaye kusimama katika kila kibaraza cha Kariakoo. Mkaguzi wa mwisho ni mnunuzi mwenyewe, na mnunuzi huyo jana alikuwa mwanafunzi.

Kutoka kikonyo hadi chupa

Jambo hili lina uzito mwingine, ambao ni wa taifa. Unguja na Pemba zilikuwa kwa muda mrefu chimbuko kubwa kabisa la karafuu duniani. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachokeneka mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu. Hiyo ni kazi ya kemia halisi, na ni ya kujivunia. Lakini safari kutoka mafuta hayo hadi chupa ya dukani ina hatua nyingi, na hatua zenye faida kubwa hufanyika kwingine. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walijua kuigeuza eujenoli ya karafuu kuwa vanilini, kiini cha harufu ya vanila. Mafuta yalisafirishwa kwenda kaskazini. Kilichorudi kilikuja na jina jipya na bei mpya.

Hakuna sababu ya kikemia inayozuia kazi hiyo kufanyika hapa. Sababu ni upungufu wa watu waliofundishwa kuitazama karafuu kama kampaundi, na si kama zao la kukausha na kuuza kwa gunia tu. Fundi wa harufu hapatikani kwa amri. Hupatikana kwa kuanza na kijana ambaye tayari anapenda kunukia, na kumwonyesha kwamba anachokipenda ni sayansi.

La kufanya darasani

Mwalimu hahitaji maabara ya fahari. Karafuu za kununua sokoni, zikipondwa na kuchemshwa katika maji, na mvuke wake ukipitishwa katika kipoozeo cha Liebig, hutoa kimiminika cheupe kama maziwa, ambacho baadaye huacha matone ya mafuta chini ya maji, kwa kuwa mafuta hayo ni mazito kidogo kuliko maji. Hapo mwalimu aulize: eujenoli huchemka katika nyuzi 254 hivi, imewezaje kutoka pamoja na mvuke wa maji kabla ya nyuzi 100? Mwanafunzi atakayegundua kwamba vimiminika viwili visivyochanganyika hujumlisha kanieneo zao za mvuke hataisahau kanuni hiyo, kwa sababu imejifunga katika kumbukumbu yake pamoja na harufu ya karafuu.

Jaribio la pili halina gharama. Karatasi tatu zitiwe, moja mafuta ya ganda la chungwa, ya pili mafuta ya karafuu, ya tatu manukato yoyote. Wanafunzi wanuse kila baada ya dakika kumi na waandike wanachosikia, seti moja ikiwa kivulini na nyingine juani, mbali na moto wowote kwa kuwa ethanoli hushika moto kwa urahisi.

La tatu ni kusoma. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 iliwalazimisha watengenezaji kutaja katika sanduku viini 26 vinavyoweza kuwadhuru watu wenye mzio, pale vinapozidi kiasi fulani. Orodha hiyo iliongezwa mwaka 2023. Kwa hiyo sanduku la manukato halisi ni ukurasa wa kitabu cha kemia. Humo mtasomwa limonini, linaloli, kumarini na eujenoli, kwa tahajia za kigeni zisizomficha mwanafunzi makini. Sanduku lisilotaja chochote, au linalokosea herufi za majina hayo, limekwisha kujieleza.

Kijana aliyefunzwa hivyo hataacha kunukia, wala hatakiwi kuacha. Atapita Mtaa wa Kongo kama wenzake, na huenda akachagua chupa ileile waliyoichagua. Tofauti itakuwa moja. Wenzake wakiulizwa wamejipulizia nini, watataja jina la kampuni. Yeye ataweza kusema: ni ambari iliyofanyizwa maabara, na maganda ya ndimu, na ethanoli kwa wingi, na bei hii, sehemu yake kubwa, ni ya chupa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini anayejua kukipima ni yule tu aliyefundishwa kukijua.